Kujiunga na Kundi la Yoga Mombasa kwa Ada ya Uanachama: Mwongozo Kamili

Ada ya uanachama wa yoga, iwe imeandikwa kwa mwezi au kwa mwaka, hupimwa kwa idadi ya siku ulizovua viatu mlangoni na kutandika mkeka wako. Mtu aliyelipa shilingi 8,000 akahudhuria mara tatu tu amelipa ghali zaidi kuliko jirani yake anayelipia kila kipindi peke yake, ingawa yeye ndiye mwenye kadi ya uanachama mfukoni. Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe kabla ya kuliona kwa wengine. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na wiki yako ilivyo, kisha ndipo unafika kwenye bei na picha za kumbi.

Hatua ya kwanza: Ijue wiki yako kabla ya kuujua ukumbi

Chukua karatasi na uandike, kwa muda wa wiki mbili, saa unazotoka nyumbani na saa unazorudi, kama zilivyo na si kama ungependa ziwe. Mombasa ni kisiwa chenye bara pande zake, na karibu kila safari ya jioni hukutana na mahali pamoja pembamba: daraja la Nyali kwa anayekwenda Kongowea na Bamburi, kivuko cha Likoni kwa anayekwenda kusini, na barabara ya Makupa kwa anayekwenda Changamwe na Mikindani. Anayefanya kazi mjini hadi saa 11 jioni na kukaa Mtwapa asijidanganye kwamba atawahi kipindi cha saa 11 na nusu kule Nyali mara tatu kwa wiki. Huenda kipindi cha alfajiri kilicho karibu na kazini kikamfaa zaidi, aoge hukohuko, kisha aingie ofisini magari yakiwa bado yamejipanga darajani.

Jambo la pili la kuandika ni saa za ibada. Hapa kwetu jua huzama baada kidogo ya saa 12 jioni mwaka mzima, kwa hivyo kipindi kinachoanza saa 11 na nusu na kumalizika saa 12 na nusu, katika miezi mingi huikata magharibi katikati. Wapo walimu wanaolijua hilo na kupanga vipindi vyao vimalizike mapema au vianze baada ya isha, na wapo wasiolifikiria kabisa. Kama swala ni sehemu ya siku yako, ratiba ya ukumbi ina uzito kuliko uzuri wake.

Ukishapata idadi ya vipindi unavyodhani utaweza kuhudhuria kwa mwezi, ipunguze kwa theluthi moja. Utaugua mafua, mgeni atakuja, masika yatajaza maji barabarani. Idadi inayobaki ndiyo utakayoitumia katika hesabu zote zinazofuata.

Hatua ya pili: Tofautisha aina za yoga, na aina za makundi

Jina la yoga lina mambo mengi chini yake. Hatha, kama inavyofundishwa katika kumbi nyingi, huenda polepole na kumpa mgeni nafasi ya kuelewa kila mkao. Vinyasa huunganisha mikao kwa mwendo unaofuata pumzi, na humtoa mtu jasho. Ashtanga, iliyoenezwa na K. Pattabhi Jois kutoka Mysore nchini India, hufuata mpangilio uleule kila siku. Mtindo wa B.K.S. Iyengar hutilia mkazo usahihi wa mkao na hutumia mikanda, viti na vipande vya mbao ili hata mwenye mwili mgumu aweze kufika. Yin hukaa katika mkao mmoja kwa dakika kadhaa, na watu wengi huidhania rahisi mpaka siku wanapoijaribu.

Kwa hali yetu ya hewa, jambo hili si la kitabuni tu. Wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Januari hadi Machi, joto na unyevu wa Mombasa hukifanya kipindi cha Vinyasa cha saa 10 alasiri kuwa kazi nyingine kabisa ikilinganishwa na kipindi hichohicho Julai, wakati kusi inavuma. Anayeanza katika miezi ya joto afadhali aanze na Hatha ya asubuhi.

Makundi yenyewe utayakuta ya namna tatu. Kuna ukumbi maalumu wa yoga, wenye ratiba ya kila siku na walimu zaidi ya mmoja. Kuna jimu au hoteli ambayo ndani ya uanachama wake huweka yoga mara moja au mbili kwa wiki. Hapo unalipia pia vyuma na bwawa la kuogelea, na kama huvitumii, unawalipia wengine. Kisha kuna kundi dogo linalokutana chini ya miti au ufuoni, ambalo mara nyingi lina mwalimu mmoja na daftari moja la mahudhurio.

Kundi la ufuoni lina uzuri wake, lakini lina bwana mwingine asiyesoma ratiba, naye ni bahari. Saa ya maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda juu sana kuliko siku za maji mafu. Kundi linalosema kwamba linakutana ufuoni kila siku saa 12 na nusu asubuhi, bila kubadilisha saa na bila kuwa na mahali pa akiba, halijakaa pwani muda mrefu. Muulize mwalimu: “Siku maji yakijaa mpaka ukutani, tunafanyia wapi?” Mwenye jibu la haraka ni mzoefu. Uliza pia kuhusu mvua za masika, na kuhusu mwani unaoletwa ufuoni msimu wa kusi.

Hatua ya tatu: Maliza swali la imani na la staha mapema

Watu wengi hulikwepa swali hili kwa aibu, kisha huacha kimyakimya baada ya kulipa. Yoga ina asili yake India, na katika mapokeo yake mazoezi ya mwili ni sehemu moja tu, nyingine zikiwa za pumzi, kutafakari na ibada. Mwaka 2016 UNESCO iliiingiza katika orodha ya turathi za kitamaduni zisizoshikika. Waislamu wenyewe hawana kauli moja juu yake: Baraza la Kitaifa la Fatwa la Malaysia mwaka 2008 lilikataza yoga inayochanganya mazoezi na ibada pamoja na nyiradi za Kihindu, wakati Saudi Arabia mwaka 2017 iliitambua yoga kuwa shughuli ya michezo. Wapo Wakristo pia ambao hawaridhiki nayo, na wapo wanaoifanya kila siku. Mimi si wa kukuamulia. La kukusaidia ni kumuuliza mwalimu, kabla ya kulipa, kama katika kipindi chake kuna kuimba “Om”, kusoma mantra (maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa) au kuabudu chochote, na kama mtu anayekaa kimya wakati huo atatazamwa vibaya. Majibu uyapeleke kwa shehe au mchungaji unayemwamini, kwa sababu swali la “je, yoga inafaa?” halijibiki vizuri mpaka ijulikane ni yoga ipi.

Kuhusu staha, uliza kama kuna vipindi vya wanawake peke yao, kama mwalimu wa vipindi hivyo ni mwanamke kila mara au ni siku anapopatikana, kama madirisha yana pazia, na kama picha hupigwa. Mavazi hayana amri: suruali pana ya pamba, fulana ndefu na hijabu nyepesi isiyoning’inia zinatosha. Dera ni vazi zuri la nyumbani, lakini mikao ya kuinamisha kichwa italifanya likufunike uso, kwa hivyo likae kwenye mkoba mpaka wakati wa kurudi.

Hatua ya nne: Jaribu mara mbili, tena kwa saa ileile utakayokuwa ukihudhuria

Lipia vipindi viwili vya peke yake kabla ya kugusa fomu ya uanachama. Kama ukumbi unatoa kipindi cha majaribio cha bure, kipokee, halafu uongeze kimoja cha kulipia, maana siku ya mgeni kila mtu hutabasamu. Nenda saa ileile uliyoiandika katika karatasi yako, kwa mwalimu yuleyule utakayempata mara nyingi. Ukijaribu Jumamosi asubuhi kisha ukalipia vipindi vya Jumanne jioni, umejaribu kitu kimoja na kununua kingine.

Tazama mambo ambayo hayamo kwenye tangazo. Je, kuna watu wangapi, na mwalimu anaweza kuwaona wote? Je, feni zinafanya kazi umeme ukikatika, au chumba hugeuka kuwa tanuri? Je, mwalimu aliuliza kuhusu maradhi kabla ya kuanza? Anapomrekebisha mtu kwa mkono, anaomba idhini kwanza? Cheti cha saa 200 cha mafunzo, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachotambuliwa na shirika la Yoga Alliance la Marekani, ni dalili njema, na si aibu kuuliza mtu alifunzwa wapi. Hapa Kenya walimu wengi vijana wamepitia mikononi mwa Africa Yoga Project, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2007. Hata hivyo, cheti hakionyeshi jicho la mwalimu, na jicho ndilo utakalolitegemea.

Nilimsindikiza shangazi yangu siku yake ya kwanza. Ana presha na magoti yake hayapendi ngazi. Mwalimu, kijana wa umri wa watoto wake, alimfuata kabla ya kipindi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mimi nina presha, na haya magoti ni ya mkopo.”

“Basi mama, kaa hapa mbele karibu nami. Kila nitakapowaambia wenzako wainamishe kichwa chini, wewe utashika kiti. Ukihisi kizunguzungu, keti tu, usinisubiri.”

Hayo yalitosha. Hakumwambia kwamba yoga itamponya presha, na hakumwambia aache dawa. Mwalimu atakayekuambia mojawapo ya hayo mawili, muage kwa heshima na usirudi. Mwenye presha ya juu, glakoma (ugonjwa wa macho), uti wa mgongo uliowahi kuumia, kisukari kinachotibiwa kwa insulini, au ujauzito, azungumze na daktari kwanza kisha na mwalimu. Mikao ya kichwa chini huongeza msukumo ndani ya jicho, na mjamzito huhitaji kipindi kilichopangwa kwa ajili yake badala ya kipindi cha kawaida anachokipunguza mwenyewe kwa kubahatisha.

Hatua ya tano: Piga hesabu kwa kipindi

Tuseme ukumbi fulani unatoza shilingi 1,000 kwa kipindi kimoja, shilingi 8,500 kwa kadi ya vipindi kumi inayodumu miezi miwili, na shilingi 8,000 kwa mwezi wa kuingia bila kikomo. Bei hizi ni za mfano, lakini sura yake utaikuta karibu kila mahali. Anayehudhuria mara sita kwa mwezi na kulipia uanachama wa bila kikomo hulipa zaidi ya shilingi 1,330 kila anapoingia, wakati kwa kadi angelipa 850. Akihudhuria mara nane, uanachama unamgharimu 1,000 kwa kipindi, sawasawa na yule asiye mwanachama. Kuanzia kipindi cha kumi ndipo uanachama unapoishinda kadi, na akifika kumi na mbili analipa takriban 670.

Sasa rudi kwenye idadi uliyopata katika hatua ya kwanza, ile iliyokwisha kupunguzwa. Kama ni chini ya kumi, nunua kadi, lakini soma muda wake wa kuisha, kwa sababu kadi ya vipindi kumi inayokufa baada ya siku 30 ni uanachama wa mwezi uliovaa kilemba.

Nauli nayo imo katika bei. Ikiwa tuktuk inakugharimu shilingi 300 kwenda na 300 kurudi, vipindi kumi na viwili vimekula shilingi 7,200, karibu sawa na ada yenyewe, na ukumbi unaotoza 10,000 lakini unaufikia kwa miguu unakuwa ndio wa rahisi. Uliza pia kama kuna bei ya wakaazi, bei ya wanafunzi, punguzo la mume na mke, au kipindi cha jamii kinacholipiwa kwa mchango. Mara nyingi mambo haya hayatajwi mpaka yaulizwe.

Uanachama wa mwaka mzima una mtego wake kwa mfungaji. Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, lakini popote itakapoangukia, itakuwa ndani ya mwaka uliolipia. Kama ukumbi hauna kipindi chepesi kabla ya futari au baada ya tarawehe, na hauruhusu kusimamisha uanachama, basi miezi yako kumi na miwili ni kumi na mmoja, na bei igawanywe hivyo.

Hatua ya sita: Masharti yawe kwenye maandishi

Mwaka mmoja nililipia miezi mitatu kwa pamoja, mahali ambapo sitapataja, kwa ajili ya mwalimu mmoja wa asubuhi. Wiki ya tatu mwalimu akaondoka, vipindi vya asubuhi vikafutwa, nami nikaelezwa kwa upole kwamba nilicholipia ni ukumbi, si mwalimu. Niliporudi nyumbani na kuisoma risiti, nilikuta wamesema kweli. Haikuwa na neno lolote isipokuwa kiasi na tarehe.

Tangu hapo huomba maandishi, hata yakiwa ujumbe wa simu tu, juu ya mambo haya: uanachama unaanza siku gani, siku niliyolipa au siku nitakayohudhuria kwanza, unaweza kusimamishwa kwa siku ngapi mtu akisafiri, akiugua au akifunga, itakuwaje mwalimu au ratiba ikibadilika, fedha hurudishwa kwa hali gani, siku zilizobaki zinaweza kupewa ndugu au rafiki, kipindi kilichowekewa nafasi kinaweza kufutwa saa ngapi kabla bila kukatwa, na uanachama hujihuisha wenyewe au husubiri nilipe tena. Kwa mkataba wa mwezi mmoja usikae juu ya haya sana. Kwa mkataba wa miezi sita au mwaka, usilipe kabla ya kupata majibu.

Kuuliza hivi si ukorofi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma za ubora unaofaa na habari anazohitaji ili afaidi huduma hizo, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha katika kuuza huduma. Lakini kabla ya sheria kuna uungwana: ukumbi mzuri hujibu maswali haya kwa dakika tano, tena kwa furaha, kwa kuwa hupenda mwanachama anayejua alichonunua.

Hatua ya saba: Kulipa na kujaza fomu

Lipa kwa namba ya biashara ya M-Pesa badala ya namba ya mtu binafsi kila inapowezekana, na linganisha jina linaloonekana na jina la ukumbi. Kundi dogo la ufuoni huenda halina namba ya biashara, na hapo ujumbe wa malipo uuhifadhi, kisha umwombe mwalimu aandike jina lako na tarehe ya mwisho kwenye daftari ukiwa unaona. Ukiweka malipo ya kujirudia, andika pembeni jinsi ya kuyasitisha.

Fomu ya afya ijaze kwa ukweli, kwa sababu mwalimu hawezi kukulinda na asichokijua. Fahamu vilevile kwamba chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, habari za afya yako ni data nyeti, na una haki ya kujulishwa zinatumiwa kwa kazi gani. Ruhusa ya kupigwa picha ni jambo jingine, nayo isifichwe ndani ya sahihi ileile. Unaweza kukubali moja na kukataa nyingine.

Hatua ya nane: Mwezi wa kwanza

Usinunue mkeka wa bei mbaya kabla ya wiki nne. Tumia wa ukumbini, na juu yake tandika leso ya pamba, ambayo hufyonza jasho na kufuliwa jioni ileile. Mkeka wa ukindu ni mzuri barazani, ila kwa yoga huteleza kwenye sakafu ya vigae. Usile mlo mzito kwa muda wa saa mbili au tatu kabla ya kipindi, beba maji zaidi ya unavyodhani, na kaa safu ya pili: ya kwanza huna wa kumtazama, ya mwisho humsikii mwalimu.

Fika dakika kumi kabla. Dakika hizo ndizo zinazokufanya mwanachama, kwa sababu wakati wa mazoezi kila mtu yuko na pumzi yake, na baada ya hapo kila mtu anakimbilia matatu. Hapo ndipo utakapojua nani anakaa mtaa wenu mkaweza kuchangia tuktuk, mwalimu gani anayefaa kwa maumivu ya mgongo, na nani anapanga mkutano wa tarehe 21 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga kwa azimio la Desemba 2014. Ukiombwa kusaidia kupanga mikeka au kumpokea mgeni, kubali. Katika kundi dogo kazi hizo hazina mwajiriwa.

Kila ukihudhuria, weka alama kwenye ileile karatasi ya hatua ya kwanza. Siku tano kabla ya uanachama kwisha, hesabu alama hizo na ugawanye ada pamoja na nauli. Kama zimefika idadi uliyoikadiria, huisha kwa mwezi mmoja tena, na fikiria miezi mitatu baada ya hapo. Kama hazikufika, mwandikie mwalimu kabla ya tarehe ya mwisho, umweleze kwamba unahamia kwenye kadi ya vipindi kumi, na uombe jina lako libaki kwenye orodha ya wanaopewa habari za saa za ufuoni.